Freti ya Kumi na Mbili

Kuna kasoro moja ya gitaa la umeme ambayo haitoki kwa kuzungusha funguo za kichwani. Unapatanisha nyuzi zote, tyuna inawaka kijani mara sita, unapiga kodi ya G kule mwanzo wa shingo na inakaa sawasawa. Kisha mkono unapanda. Kwenye freti ya tano sikio linashtuka kidogo. Kwenye ya tisa huna shaka tena. Ukifika ya kumi na mbili sauti imetoka waziwazi, imepanda kuliko inavyostahili. Ukilegeza uzi ili huku juu pakae vizuri, kule chini palipokuwa pazuri panaharibika. Mpigaji asiyejua chanzo hushinda akihama baina ya ncha mbili za shingo, na saa ya kupanda jukwaani humkuta hajui aiache kasoro upande gani.

Fundi anayeweza kuitafuta kasoro hiyo mpaka akaipata, bila kubahatisha na bila kuumiza mbao, ana ujuzi ninaouheshimu kuliko fani nyingi zinazopigiwa makofi. Nimemtazama mmoja wao akiwa kazini Ukunda, si mbali na pale barabara ya ufukweni Diani inapojitenga na barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga. Haya ninayoandika ni ya kumsifu yeye na wenzake, watu ambao muziki wa pwani ya kusini hupita mikononi mwao kabla haujatufikia masikioni.

Kazi hawaikosi. Hoteli za Diani zimekuwa na bendi tangu utalii ulipoanza kushamiri huko, na kila jioni mahali fulani ufukweni kuna mtu anapiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, wimbo wa mwaka 1982 ambao bendi ya hoteli isiyoujua haipati kazi. Baadaye huja "Malaika", kisha rumba mpaka wageni waende kulala. Gitaa hutolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi, likapelekwa baraza iliyo wazi, hatua chache kutoka majini. Hupigwa kwa saa kadhaa katika hewa ya chumvi, kisha hurudishwa mkobani na jasho la vidole likiwa bado halijakauka. Kesho yake ni hivyo hivyo. Nyuzi za chuma hushika kutu mapema. Skrubu ndogo za daraja huganda. Mbao za shingo hunywa unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi, na kila zinaponywa au kutoa, shingo husogea kidogo. Gitaa lililorekebishwa mwezi wa Februari, jua likiwa kali, litakuwa na tabia nyingine mwezi wa Mei, mvua ya kusi inapoimwagikia Kwale nzima kutoka Tiwi hadi Vanga.

Halafu kuna muziki wenyewe, na muziki huu hausamehe. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyefariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulishika gitaa la umeme, na sauti aliyoipenda ilikuwa safi, kila noti imesimama peke yake. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, ng'ambo tu ya mpaka, wakapitia Arusha na kuingia Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwao ikazaliwa bendi ya Simba Wanyika, na mwaka 1978 waliojitenga nao wakaunda Les Wanyika. Isikilize "Sina Makosa" yao kwa makini. Besi ya Tom Malanga ina njia yake, ridhimu ya Omar Shabani ina njia yake, na hakuna mkwaruzo wa mashine uliowekwa juu yake kuficha lolote. Katika muziki wa namna hii solo hukaa juu ya shingo, na mara nyingi gitaa la pili hulifuata kwa sauti ya tatu chini yake, bega kwa bega. Gitaa moja likiwa limepanda hata kidogo, sauti mbili hizo hukataa kuungana. Noti moja ikitetema mara 220 kwa sekunde na nyingine iliyopaswa kuwa sawa nayo ikitetema mara 222, msikilizaji husikia mpigo wa pili, mara mbili kila sekunde, ukivimba na kunywea ndani ya sauti. Mgeni anayekula samaki wake hatajua kilichoharibika. Atajua tu kwamba bendi hii haimpendezi kama ile ya jana.

Nadharia yake si ndefu. Uzi ukibanwa katikati hutoa sauti ile ile, oktava moja juu. Kwa hiyo freti ya kumi na mbili huwekwa nusu ya safari: kwenye gitaa la aina ya Stratocaster uzi una urefu wa milimita 648, na freti hiyo iko kwenye milimita 324. Freti nyingine hupatikana kwa kugawa. Chukua urefu wote, ugawe kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza, kama milimita 36.4 kutoka kichwani. Chukua urefu uliobaki, ugawe tena, na uendelee hivyo mpaka mwisho wa shingo. Mwanamuziki wa Italia Vincenzo Galilei, babake Galileo mtazama nyota, alieleza mwaka 1581 jinsi ya kuifanya kazi hii kwa kugawa kwa 18, na kwenye freti ya kwanza tofauti yake na hesabu ya leo ni ndogo mno kwa macho.

Ila hesabu hiyo ni ya uzi ambao haujaguswa. Kidole kikibana, uzi hushuka mpaka kwenye freti, na katika kushuka unavutika. Uzi uliovutika hupanda sauti. Uzi mnene na mgumu hupanda zaidi. Ili kufidia, daraja husogezwa nyuma kidogo kuliko pale hesabu inapotaka: milimita moja au mbili kwa uzi mwembamba wa kwanza, nne au tano hivi kwa uzi wa sita. Ndiyo maana daraja la gitaa la umeme lina vidaraja vidogo vinavyosogea. Gitaa la Fender lililotoka mwaka 1950 lilikuwa na vitatu, kila kimoja kimebeba nyuzi mbili, na wapigaji walilazimika kuridhia. Mwaka 1954 Stratocaster ilikuja na sita, na Gibson nao mwaka huo huo wakaweka daraja la vidaraja sita kwenye Les Paul Custom. Tangu hapo kila uzi una skrubu yake, na tangu hapo kila mwenye bisibisi hudhani anajua kurekebisha gitaa.

Mpigaji udi hana mashaka haya. Udi hauna freti. Zein l'Abdin wa Lamu alipokuwa akipiga, kidole chake ndicho kilichoamua noti iko wapi, na kama haikuwa mahali pake kidole kilisogea unywele mmoja kabla msikilizaji hajatambua. Mpigaji nzumari kwenye ngoma ya sengenya ya Wadigo naye huirekebisha sauti kwa midomo na pumzi. Mpigaji gitaa amekabidhiwa noti zilizopigiliwa kwenye mbao na mtu mwingine, mbali, zamani. Uhuru aliopunguziwa yeye ameachiwa fundi.

Kijana aliyeleta gitaa siku niliyokuwapo hupiga solo kwenye bendi ya hoteli. Aliingia, akamwamkia mzee, akaitikiwa, akaliweka gitaa mezani kwa uangalifu wa mtu anayelitegemea kwa chakula.

"Lina nini, mwanangu?"

"Huku juu halikubali, mzee. Kinanda kikiingia, mimi ndiye naonekana mkosa. Na uzi wa tatu ndio mbaya kupita wote."

"Umeligusa?"

"Nimezungusha hizi skrubu za nyuma. Ya uzi wa tatu imefika mwisho, na bado iko juu."

Fundi hakufungua kisanduku cha vifaa. Alilichukua gitaa, akaliweka pajani kama mtu anayetaka kupiga, akapiga. Kwanza noti za wazi, moja moja. Kisha kila uzi kwenye freti ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya kumi na mbili, ya kumi na tano. Hakuwa akipiga wimbo. Kijana alitaka kumweleza zaidi, mzee akainua kidole kumwomba anyamaze. Niliuliza baadaye kwa nini hakulilaza mezani, kazi ingekuwa nyepesi. Akasema gitaa lililolazwa, shingo ikiwa imeegemea kitu, hutoa jibu lingine. Halipigwi likiwa limelala, basi lisipimwe likiwa limelala.

Kupita huku shingoni ndiko kunakotenga fundi na mwenye bisibisi. Kasoro hujitambulisha kwa mahali inapotokea. Freti moja tu ikiwa mbaya na jirani zake nzuri, tazama freti hiyo. Uzi mmoja ukiwa mbovu kila mahali, mlaumu uzi. Freti mbili tatu za mwanzo zikipanda halafu mambo yakatulia, tatizo liko kichwani, kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita, nitakiita mfupa. Nyuzi zote zikizidi kupanda kadiri mkono unavyopanda, shingo au daraja ndilo la kuulizwa. Na nyuzi nene zikiwa na sauti mbili ndani ya moja kule juu, zikiyumba, huenda sumaku zilizo chini ya nyuzi zimekaribia mno na zinazivuta. Gitaa la kijana lilikuwa na zaidi ya jambo moja, na hilo ni la kawaida. Magitaa yanayofanya kazi kila usiku hayaharibiki kwa sababu moja.

Alianza kwa kuzitoa nyuzi zote. Kabla ya kuzitupa alipitisha ukucha chini ya uzi wa nne, polepole, akanipa nami nijaribu. Uzi ulikuwa na vidonda vidogo pale ulipokuwa ukigonga freti, na baina ya kidonda na kidonda kutu ilikuwa imeuparuza. Uzi wa namna hiyo hauna uzito sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Hautetemi kama uzi mmoja. Vipande vyake vinabishana, na hakuna mahali pa kukiweka kidaraja pakauridhisha. Mtu anayerekebisha daraja kwa nyuzi zilizokufa anapima kitu kisichokuwepo. Ni kosa lililoenea kuliko yote, na chanzo chake ni bei: pakiti ya nyuzi si kitu cha kuchezea kwa mtu anayelipwa kwa usiku, na wengi hununua mmoja mmoja unapokatika. Uzi wa tatu wa kijana ulikuwa umenunuliwa hivyo. Fundi aliuweka kwenye kipimo chake: sehemu 18 kati ya elfu za inchi, na pakiti ya namba kumi inayotumika kwenye gitaa hilo hutaka 17. Tofauti ya kitu usichoweza kukiona kwa jicho, lakini uzi wa tatu, ambao ni waya mtupu usiozungushiwa waya mwingine, ndio mgumu kuliko wenzake wembamba, na kuuongezea unene ni kuuongezea ukaidi.

Akatia nyuzi mpya, akazivuta kwa mkono zinyooke, akazipatanisha. Kisha akabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto na kwenye freti ya mwisho kwa kiwiko cha kulia, akainamisha kichwa kutazama katikati, karibu na freti ya saba. Uzi uliobanwa ncha mbili umenyooka kuliko rula, kwa hiyo nafasi inayobaki chini yake ndiyo inayoonyesha shingo imepinda kiasi gani. Shingo hutakiwa kupinda kidogo, kama robo ya milimita, ili uzi upate pa kutetemea. Hii ilikuwa na karibu milimita nzima. Nyuzi sita za namba kumi huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 40, usiku na mchana. Mbao zikishalegezwa na unyevu hukubali kufuata. Shingo iliyopinda mbele huziinua nyuzi, nyuzi zilizoinuka huhitaji kubanwa zaidi, na kubanwa zaidi ndiko kupanda kwa sauti alikokuwa akikusikia kijana.

Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma uliowekwa kwa ajili ya kazi hii. Fundi aliingiza spana ya L kichwani, akaukaza kwa thumuni ya mzunguko. Thumuni tu. Akapatanisha tena, akatazama, akakaza thumuni nyingine, akaacha.

"Litalala hapa," akasema.

"Leo nina kazi, mzee."

"Chukua la pale ukutani. Hili litalala."

Mbao hazitii amri papo hapo. Ukikaza ufito na kuendelea na kazi, asubuhi utakuta shingo imejisogeza tena na kila ulichopima jana kimepitwa. Nimewaona mafundi wanaomaliza gitaa mteja akiwa bado amesimama mlangoni, na siwalaumu, wateja wana haraka. Ila subira ya usiku mmoja ndiyo sehemu ya ujuzi ambayo haionekani, wala hakuna anayeilipia.

Asubuhi ilikuwa zamu ya mfupa, na hapa ndipo nilipotamani kila anayependa gitaa angekuwapo. Fundi alibana uzi wa tatu kwenye freti ya tatu na kuugonga kwa ncha ya kucha juu ya freti ya kwanza. Uzi uliokaa vizuri kichwani hubakiza hapo nafasi ya kuhisi tu. Huu ulikuwa na nafasi ya wazi. Mfereji haukuchimbwa vya kutosha tangu gitaa lilipotoka kiwandani. Maana yake, kila kijana alipobana freti ya kwanza alikuwa akiuvuta uzi zaidi ya unavyotakiwa, na noti ilipanda. Na kwa kuwa ilipanda, alikuwa amezoea kuulegeza kidogo uzi wa tatu ili kodi za chini zimkubali, halafu akashangaa kwa nini huku juu hazieleweki. Kasoro ya kichwani ilikuwa imevaa nguo za kasoro ya daraja.

Matupa yaliyotengenezwa kwa mifereji ya gitaa, kila moja na unene wake, ni ghali na lazima yaagizwe. Fundi hutumia zile sindano zenye meno za kusafishia pua ya gesi ya kuchomelea, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Alichagua moja inayolingana na uzi, akauweka uzi kando, akapitisha sindano mfereji huo mara mbili, ikiwa imeelekezwa chini kidogo upande wa funguo ili uzi uachane na mfupa pale pale ukingoni na si nyuma yake. Akarudisha uzi, akapatanisha, akabana freti ya kwanza, akasikiliza. Akautoa. Mara mbili tena. Akaurudisha. Kazi ambayo ingechukua dakika moja ilichukua sehemu nzuri ya asubuhi, kwa sababu mfereji ukizidi kina uzi utagonga freti ya kwanza na kulia, na mfupa uliochimbwa haurudishiki. Ni kuung'oa na kuchonga mwingine. Mwishoni alichora ndani ya mfereji kwa penseli laini. Unga wa penseli huuacha uzi uteleze, usikwame na kuruka wakati wa kupatanisha.

Freti alizipitia upesi zaidi. Tatu kati ya ya tisa na ya kumi na nne zilikuwa zimelika juu na kuwa bapa, na uzi hauondokei tena katikati ya freti bapa, huondokea ukingoni upande wa daraja. Milimita moja pale kwenye freti ya kumi na mbili ni kama senti tano, ukichukulia kwamba hatua kutoka freti moja hadi nyingine ni senti 100. Sikio zuri huisikia senti tano. Akazirudishia mgongo wa mviringo kwa tupa, akazisugua kwa msasa laini. Sumaku alizishusha kidogo upande wa nyuzi nene, hata kabla hazijalalamikiwa.

Ndipo, baada ya yote hayo, akaligeukia daraja ambalo kijana alikuwa ameanza nalo.

Skrubu zilikuwa zimeota kutu ya bahari. Alidondosha tone la mafuta kwenye kila moja na kuziacha zinywe. Kisha akapima uzi wa tatu: kwanza aliugusa juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubana, akaupiga na kuondoa kidole, ukatoa ile sauti nyembamba inayolia kama kengele, halafu akaubana hapo hapo na kuupiga. Sauti ya kwanza inatoka kwenye nusu halisi ya uzi, ya pili inatoka kwenye freti, na zikikubaliana kidaraja kiko mahali pake. Ya pili ikiwa juu, uzi ni mfupi, kidaraja kirudi nyuma. Ikiwa chini, kije mbele.

Ilikuwa chini.

Kijana alisogea karibu. Uzi uliokuwa ukipanda siku zote sasa ulikuwa umeshuka, kwa sababu shingo imenyooka, mfupa umeshuka, uzi ni wa namba yake, na kidaraja bado kimekaa kule nyuma kabisa alikokipeleka yeye akipambana na kasoro isiyokuwa yake. Fundi alikileta mbele karibu nusu ya njia yake. Kila aliposogeza alipatanisha uzi upya kabla ya kupima, maana kidaraja kikisogea sauti ya wazi nayo huhama. Aliitazama tyuna, kisha akaizima. Akabana uzi wa tano kwenye freti ya kumi na mbili na uzi wa tatu kwenye freti ya pili, noti moja kwa nyuzi mbili, akazipiga pamoja na kusikiliza kama kuna mpigo ndani yake. Akasogeza robo mzunguko. Akasikiliza. Mpigo ulipungua kasi, ukapungua tena, ukaisha. Alipomaliza nyuzi zote, vidaraja vilikuwa vimejipanga ngazi mbili: kutoka cha kwanza hadi cha tatu vinarudi nyuma, cha nne kinaruka mbele, kisha vinarudi nyuma tena hadi cha sita. Anayejua kazi akiona mpangilio mwingine hujiuliza kabla ya kuendelea.

Bado hakulitoa. "Piga wewe," akamwambia kijana, "noti zile zile." Tyuna ilipowashwa ilionyesha uzi wa kwanza na wa pili zimepanda kidogo kwa mkono wa kijana, ilhali kwa mkono wa fundi zilikuwa sawa. Kijana hubana kwa nguvu. Amezoea nyuzi za juu na shingo iliyopinda. Fundi angeweza kumwambia abane polepole. Badala yake alirudisha vidaraja hivyo viwili nyuma kidogo, akavipima kwa mkono wa mwenye gitaa. Mkono utakaolipiga gitaa Diani usiku ni huo, na kwa maoni yangu hapo ndipo marekebisho ya haki huishia.

Lilibaki jambo moja ambalo ningedhani lingemshinda. Kijana alipiga sauti ya tatu kubwa kwenye uzi wa pili na wa tatu, akatikisa kichwa. "Hapa bado, mzee. Haijatulia."

Fundi alisikiliza, akamwambia hapo hakuna kasoro. Na kweli hapakuwa na kasoro. Freti zimegawanywa hatua kumi na mbili zilizo sawa ili mtu aweze kupiga kwa G au kwa A au kwa E bila kubadili gitaa, na gharama ya usawa huo ni kwamba tatu kubwa hukaa juu ya ile ya asili kwa karibu senti 14. Sauti ya tano huponea kwa senti mbili tu chini. Wanaoimba pamoja kwa sauti tofauti bila ala huitafuta ile tatu ya asili wenyewe, kwa sikio, na ndiyo utamu wake. Gitaa na kinanda haviwezi. Fundi angeweza kukisogeza kidaraja cha uzi wa pili mpaka kodi hiyo moja ikatulia, na kijana angeondoka akimshukuru, na kodi nyingine tatu zingeharibika. Kujua ni lipi la kurekebisha na lipi ni umbile la chombo chenyewe kulimchukua, nadhani, miaka mingi kuliko kujua kutumia tupa.

Akachukua gitaa lingine ukutani, akalichomeka kwenye amplifaya ile ile, wakapiga rumba pamoja: kijana juu, mzee sauti ya tatu chini yake, sambamba mpaka freti ya kumi na tano. Sauti mbili ziliungana. Kijana alirudia kipande hicho kwa haraka zaidi, kisha akakirudia tena kwa polepole, jambo ambalo ni gumu zaidi, na bado zikakubaliana.

"Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unaposhuka jukwaani," fundi akamwambia akiandika jina la pakiti kwenye kipande cha karatasi. "Usinunue mmoja mmoja. Kusi ikishika, lilete nitazame shingo."

"Na nikitaka kujaribu namba tisa, mzee? Wenzangu wanasema ni laini."

"Ni laini, kweli. Ila namba tisa haivuti kama kumi. Shingo itarudi nyuma, nyuzi zitashuka, na vidaraja vyote sita vitakuwa mahali pasipo pake. Ukiamua, lilete na pakiti tuanze mwanzo."

Kijana alilipa, akauliza namba tisa inauzwa wapi Mombasa, akaandikiwa na hiyo pia.